Ngazi ya Sifuri Imepanda

Jumatano, baada ya Isha

Imepanda! Ile ngazi ya sifuri, isiyotakiwa kusogea hata chembe, kwenye mchoro wa tasnifu yangu imepanda. Na mchoro nshawatumia walimu watakaonihoji kesho asubuhi.

Nimeligundua kosa alasiri, ukumbini wamejaa majirani. Mama kawaalika wanisomee dua. Ubani unafuka, mie nimejifungia chumbani na kompyuta.

Kwenye metali ya kawaida, sumaku ikizidi nguvu, ngazi zote za nishati za elektroni hupanda. Kwenye grafini, ule utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, ngazi ya sifuri hubaki palepale. Nalijua hilo kama jina langu! Jana, kwa pupa, nikachukua kanuni ya kazi yangu ya zamani ya metali.

Mama akachungulia. "Mwanangu, njoo uitikie amina."

"Nnakuja, mama. Nimekosea hesabu."

"Si ulisema ushamaliza?"

Nilisema. Tena kwa madaha, ndiyo maana akaita watu.

Nikatoka, nikaketi mkekani. Bi Mwanaisha, jirani yetu, akainua mikono: "Mola amthibitishe mbele ya walimu, asiyumbe." Nikaitikia amina huku nauwaza mchoro.

Nimemwandikia msimamizi wangu ukweli. Kausoma, hajajibu.

Mchoro mpya uko tayari. Naongeza sumaku, naongeza tena: ngazi nyingine zote zinakimbia huku na huku, ya sifuri imetulia tuli.

Naionea wivu.