Betri imekufa kwa mchezo wenu

Djamila na Twahiri,

Bugali uko ndani ya sufuria, dagaa chini ya sahani. Mukimaliza muoshe.

Betri nimepeleka kwa Papa Ilunga wa mashini ya kusaga, aitie chaji. Kitendawili: hana mdomo, lakini akisema nyumba nzima inanyamaza? Redio! Asubuhi hii ilikuwa inasoma majina ya watu wa Manono wanaotafuta jamaa zao. Ilipofika kwenye M, ikakatika. Na mama yenu tuliyepotezana naye, jina lake njo Mwanamisi!

Kumbe mulilala mumeacha ule mchezo wa video wa mapanga unawaka kwenye betri hiyohiyo ya redio, eti hamuna kadi ya kuuhifadhi. Wewe Djamila ukanijibu: “Bibi, tukizima, katuni wote wa filamu waliokwisha kukutana ndani ya mchezo watapotezana tena.” Hasira ikanizidi.

~~Mashini ya mchezo nitaiuza.~~ Mashini iko chini ya kitanda changu. Musiiguse.

Nikitoka kwa Papa Ilunga napita mlango kwa mlango, niulize nani alisikia majina ya M mpaka mwisho. Nikirudi kimya, munipe maji tu. Musiniulize kitu.

Bibi yenu