Baraza Niliyomsakafia Mama

Shoga, shika simu! Kaka yangu kaniuza. Kaniuza hivi hivi, mchana kweupe!

Si unakumbuka alivyosema tusiivunje baraza ya mama? "Tuisakafie upya tu, mdogo wangu, mama asijikwae tena." Mama asijikwae! Nikapiga magoti, nikalisugua zege kuukuu kwa brashi ya waya mpaka vidole vikachubuka, nikatandaza saruji kwa mwiko kama fundi.

Sasa leo namwagia maji magunia niliyoifunikia baraza isipasuke, huyo kaka kaingia na mwanamke nisiyemjua. Yule mwanamke kainama, kafunua gunia LANGU, kasema, "Kumbe baraza umeitengeneza kweli, kama tulivyopatana. Basi nyumba naichukua."

NAICHUKUA, shoga. Nyumba ya mama!

Nikamkodolea kaka macho. Eti, "Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia."

Siku nzuri!

Na mama hajui kitu. Katoka ndani na mkongojo wake, uso umemkunjuka, anamwambia mnunuzi: "Pita pembeni, mwanangu, bado mbichi. Wanangu wananitengenezea nisianguke."