Maji ya Vyungu Vyangu Yanamdondokea Fundi wa Chini

Mpendwa mshauri,

Msimamizi wa jengo letu aliniambia Jumatatu asubuhi, tulipokutana kwenye ngazi, kwamba fundi cherehani wa ghorofa ya tatu ameondoa cherehani yake dirishani na kuihamishia kwenye kona ya jikoni, na kwamba alipomuuliza kama aniandikie onyo kwa sababu ya maji yanayodondoka kutoka kwangu, fundi alijibu, "Mwache mzee wa watu, vyungu vyake vinavuja na yuko peke yake." Naomba unisaidie kwa sababu vyungu vyangu havivuji, na nilikuwa najua maji yanamdondokea nani.

Nina miaka sitini na tatu, nimefanya kazi miaka ishirini na tisa katika chumba cha plasta hospitalini, nikiwafunga watu waliovunjika mikono na miguu, wagonjwa thelathini kwa siku, kila mmoja nimshike, nimwambie atulie, nipige naye soga mpaka plasta ishike, kisha nikastaafu, na mwaka uliofuata mke wangu akafariki, na binti yetu anaishi nchi nyingine na hupiga simu Jumapili, na siku sita zilizobaki niliweza kuzimaliza bila kusema neno ila "asante" kwa muuza maziwa.

Ndipo nikaanza vyungu. Nilichukua mataulo yaliyochakaa, nikayachovya kwenye uji wa saruji, nikayafunika juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuyalainisha kwa viganja kama nilivyokuwa nikilainisha plasta kwenye goti la mtu, tofauti ni kwamba plasta hupata joto inaposhika na taulo la saruji hubaki baridi, na baada ya siku mbili unatoa ndoo, unakigeuza, una chungu chenye mikunjo kama sketi, na sasa ninavyo kumi na saba, sebuleni na chumbani, saba kati ya hivyo vimepangwa kwenye ukingo wa dirisha ulioinamia nje, vina nyanya, pilipili, vitunguu vya majani na mnanaa, kila kimoja kina tundu chini ili mizizi isioze.

Mara ya kwanza maji kumdondokea fundi ilikuwa bahati mbaya kweli. Alipanda na shati jeupe la sare ya shule mkononi, lina doa la udongo begani, akagonga mlango kama askari.

"Kaka wa juu, unafuga mboga au unafuga mafuriko?"

Nikaomba radhi, nikalifua shati palepale, naye akisubiri akazunguka kutazama vyungu, akagusa kimoja, akasema, "Hili si taulo hili?" akacheka mpaka akatafuta kiti, nikampa chai, akakaa nusu saa, akaondoka na furushi la magazeti yangu ya zamani kwa sababu huyakata kuwa vipande vya kupimia kabla hajagusa kitambaa. Siku ileile nikaweka vifuniko vya ndoo chini ya vyungu vya dirishani na maji yakakoma.

Naye akakoma kuja. Wiki tano hakuna aliyegonga kwangu, mshauri, na wiki ya sita nikaondoa vifuniko viwili, nikamwagilia kupita kiasi, nikabandika birika jikoni na kukaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Akaja. "Kaka, leo pasi nakupiga wewe!" Kuanzia siku hiyo nilifanya hivyo Ijumaa tisa mfululizo, asubuhi, na kila mara alikuja na hasira akaondoka na magazeti, na mnyanya wa chungu cha tatu umeoza mizizi kwa maji ambayo haukuyahitaji.

Lakini Ijumaa ya kumi nilimwagilia na hakuja, nikadhani ametoka, Ijumaa iliyofuata nikamwagilia tena, hakuja. Sasa najua alikuwa jikoni. Jiko lake halina dirisha, najua kwa sababu nyumba zetu zimebebana, ramani ya kwake ni sawa na ya kwangu, na msimamizi anasema anashona kwa mwanga wa balbu na uzi anautunga kwa kupapasa. Bado ananiomba magazeti, Jumamosi msimamizi atapita kuyachukua kwa niaba yake. Nikimwambia ukweli hatapanda ngazi zangu tena, nikinyamaza ataendelea kunihurumia kutoka gizani. Nifanye nini?

Mkaaji wa ghorofa ya nne

*

Mkaaji wa ghorofa ya nne,

Pole kwa kufiwa, na pole kwa hizo siku sita. Nimeisoma barua yako mara mbili na sikuona mtu mbaya ndani yake. Niliona watu wawili, na mmoja wao anaharibu macho jikoni kwa sababu yako.

Unaogopa kumpoteza. Umeshampoteza: wiki mbili hajapanda. Anayepokea huruma yake ni mzee fulani mwenye vyungu vinavyovuja, na huyo mzee umemtunga wewe.

Nilitafuta katika barua yako siku uliyoshuka wewe. Sikuiona. Amepanda mara kumi, wewe hujagonga kwake hata mara moja, hata kuuliza kama lile doa lilitoka. Miaka ishirini na tisa watu walikujia wakiwa wameshavunjika, kazi yako ilikuwa kungoja mlango ufunguke. Ukastaafu na utaratibu ukaubeba nyumbani, ila safari hii anayemuumiza mgonjwa ni wewe. Acha.

Leo hii rudisha vifuniko chini ya vyungu vyote saba na uvisogeze ndani kiasi cha shubiri moja. Huo mnyanya ung'oe, usiubembeleze.

Kisha shuka. Usibebe mche, usibebe nyanya, usibebe birika. Sema ukiwa bado mlangoni, kabla hajakukaribisha: "Vyungu havivuji. Nilimwaga maji makusudi ili uje." Usiongeze mke, binti wala wiki tano. Akiuliza sababu, hapo ndipo umweleze. Akikufokea, msikilize mpaka amalize, umezoea watu wenye maumivu. Akifunga mlango, panda kwako na usigonge tena mpaka atake mwenyewe. Akikuruhusu kuingia, ibebe ile cherehani uirudishe dirishani, upanguse meza, uage. Habari ya chai ataamua yeye.

Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe. Ninachokijua ni kwamba akija tena baada ya hapo, atakuwa amekuja kwako, si kwa sababu ya doa.

Jambo jingine, na hili usilipuuze. Mtu mmoja hawezi kuwa wagonjwa thelathini. Ulimpa fundi kazi ya kuijaza nyumba nzima bila kumwambia, na ana mashati ya kushona. Jengo lako lina madirisha mengi na mataulo mabovu mengi. Mwombe msimamizi akubandikie karatasi mlangoni pa chini: anayetaka chungu alete taulo lake na ndoo, Jumamosi saa nne asubuhi, uani. Usiwatengenezee. Washike mikono uwaonyeshe. Wakija wawili, inatosha kwa kuanzia.

Gazeti hili linatoka Jumatano. Jumamosi furushi lako litashuka, na fundi atalifungua akiwa na mkasi mkononi. Usiuchomoe ukurasa huu. Utamtosha kipimo cha mgongo wa shati, na kabla ya kuukata atausoma. Awe ameshasikia kutoka kwako.

Shuka Alhamisi, saa kumi alasiri, dirisha lake likiwa bado na mwanga. Ghorofa ya tatu.