Taa Mpya za Noah ya Tata

Kaagya, Bukoba Vijijini

Kwako Kaka Mwesiga,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Huku hatujambo, ila mafua ya mvua hizi yamekataa kuniachia. Natumaini wewe, wifi na watoto mko salama huko Dodoma. Mama anauliza kama wale senene walifika wangali wanalika.

Najua utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Kitu kilichodondoka ulipofungua bahasha kiweke mezani kwanza, nitakieleza. Nimempa Magdalena jirani yetu akuletee, anakuja huko kumwona mwanawe.

Unakumbuka mzee wetu Tata alivyokulalamikia kwamba taa za ndani ya Noah yake zimefifia, hawezi kupitia garini somo analolisoma kanisani kabla ya misa ya kwanza. Ukaniagiza niweke za LED. Basi nikaipeleka mjini kwa Audax, fundi umeme wa magari. Alibandua vifuniko kwa bisibisi, akatoa balbu za zamani, zile za njano zinazounguza vidole, akapachika mpya. Ya katikati ikagoma. Nikaanza kulalamika kwamba tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Audax akacheka, akaigeuza upande wa pili, ikawaka. Kumbe zina chanya na hasi! Kaka, mwanga ulikuwa mwanga. Niliona hadi punje za kahawa za msimu uliopita chini ya kiti.

Jumapili alfajiri tukaenda Kashozi. Tata kwenye usukani, Mama pembeni akiendesha kwa mdomo kama unavyomjua: shimo hilo, baiskeli hiyo, punguza, kaa kushoto. Mimi nyuma nacheka kimoyomoyo. Tulipofika Tata akawasha taa, akafungua kitabu, akasonya. Akasema Audax ametuibia, taa ni zilezile. Nilikasirika mimi! Kesho yake nikamfokea Audax mbele ya wateja wake, maskini, naye akaweka kali zaidi bila kubishana.

Jumapili iliyofuata Mama alijifunika uso kwa kanga. Tata akasema afadhali kidogo, akaanza kusoma somo kwa sauti, vizuri kabisa, neno halimkwami. Nikachungulia juu ya bega lake nifuatilie. Kitabu alichoshika kilikuwa cha nyimbo.

Nikamtazama Mama. Akageukia dirishani. Hapo nikaelewa kwa nini kila jioni anamsomea Tata somo lilelile mpaka tunachoka kulisikia. Na barabarani hakuwa anamsumbua dereva hata kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa macho yake, kutoka Kaagya hadi Kashozi, na watoto waendao misani wamejaa njiani. Waitu, Kaka, niliogopa.

Sasa nikuungamie. Jumatatu Tata akiwa shambani nilifungua boneti nikachomoa waya wa betri. Alipotaka kuwasha, gari kimya. Nikamwambia zile LED zimemaliza betri. Nilimdanganya baba yangu mchana kweupe, na Audax nikamsingizia mara ya pili. Sikujua nitamwambiaje mzee aliyenifundisha kusoma kwamba haoni.

Jana akaniita sebuleni. Akasema mlio wa boneti ya gari lake anaujua, alinisikia tangu kule migombani. Nikapiga magoti nikaomba radhi. Hakunigombeza. Aliniomba tu nirudishe balbu za zamani, kwa sababu chini ya zile kila mtu alikuwa anahangaika kusoma, na yeye akawa mmoja wao. Nililia, sikufichi. Mama naye akalia, kisha akajifuta akasema yeye amechoka kuendesha, tena hata leseni hana. Tata alicheka mpaka akakohoa.

Halafu akatia mkono mfukoni akanipa hicho kilichodondoka. Ndiyo, ni ufunguo wa Noah. Amesema kwa daktari wa macho atapelekwa na mtoto wake wa kwanza, dereva mwingine hamtaki, na mpaka utakapokuja gari halitoki uani. Mimi nimeshamwomba radhi Audax, na betri nimeirudishia waya wake. Balbu mpya sikuzitoa.

Msalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba ya bibi yao. Magdalena atarudi wiki ijayo, unaweza kupanda naye basi moja.

Ni mimi mdogo wako,
Evodia