Mahindi Ndani ya Viatu vya Mzee Hassani

Jumapili, mwezi wa Julai. Baridi imeshika Nairobi, ile isiyo na mvua wala jua, na magoti yangu yalijua kabla redio haijasema. Nimeshinda ndani na blanketi mapajani. Karibu maisha yangu yote nimeandika habari za watu waliokuwa na haraka. Leo sina haraka, na habari niliyo nayo ni ya viatu.

Jana nilipita mjini kutafuta viatu vya kuvumilia miguu yangu. Binti wa dukani akanionyesha soli za ndani, zile za kutia kiatuni. Zina matundu ya kupitisha hewa. Zina vinundu vya kukanda unyayo, na vinundu vyenyewe unaweza kuvihamisha upendavyo, kutoka kisiginoni hadi uvunguni mwa mguu.

"Hii imetoka juzi tu, shosho," akaniambia, kama bibi yake. "Hakujawahi kuwa na kitu kama hii."

Sikumbishia. Nilizishika, nikazikunja, nikazinusa. Hazikunuka chochote.

Za kwanza nilizoziona zilinuka pombe ya busaa.

Miaka ya sabini nilikuwa mpangaji Kibera, upande wa Makina, katika nyumba ya Mzee Hassani na mkewe Bi Halima. Walikuwa Wanubi. Baba yake Mzee Hassani alikuwa askari, na babu yake vilevile, na Mzee Hassani hakupata bunduki lakini alirithi kule kusimama. Alikuwa bawabu wa hoteli kubwa mjini. Alivaa koti refu lenye vifungo vya shaba na viatu vyeusi vya kufunika mguu, akasimama mlangoni kutwa nzima akiwafungulia watu ambao hawakumtazama usoni. Alipenda kazi hiyo. Nasema hivyo kwa sababu watu wengi husimulia kazi za namna hiyo kana kwamba ni msiba.

Tatizo lilikuwa nyayo zake. Ziliwaka. Jioni akirudi aliketi barazani, akavua viatu, akaiweka miguu juu ya saruji baridi mpaka Bi Halima alete chai.

Kisha hoteli ikapata meneja mpya. Siku moja meneja akamkuta Mzee Hassani nyuma ya chungu kikubwa cha maua, kiatu kimoja mkononi, mguu ukipunga hewa. Akamwambia bila ukali kwamba bawabu asiye na viatu si bawabu, na kwamba akimkuta tena hivyo atatafuta mwenye miguu mizima.

Mzee Hassani alitueleza hayo akiwa amekaa wima. Nyumba ile ilikula kwa koti lile. Vyumba vya kupangisha vilikuwa vichache, na kimoja nilikaa mimi.

Mimi nilimjua fundi mmoja Kawangware. Mwandishi wa habari wa siku zile alitembea, na viatu vyangu vilijua njia ya kwenda kwa Wekesa bila mimi. Alitoka Bungoma. Benchi lake lilikuwa kando ya barabara, karibu na wauza sukumawiki, na kazi yake kubwa ilikuwa akala, ndara za wazi za matairi. Alikuwa na maneno mengi. Kila kiatu alichokishika alikuwa na maoni juu ya aliyekishona kabla yake, na maoni hayo hayakuwa mazuri.

Nilimpeleka Mzee Hassani huko Jumamosi moja. Wekesa akaukamata ule mguu, akaugeuza kama anayenunua kuku.

"Mzee, hii si mguu. Hii ni ugali imetoka kwa sufuria sasa hivi."

"Kijana, nimekuja kushonewa," akasema Mzee Hassani. "Sikuja kuliwa."

Wakapatana hapo hapo.

Wekesa akatueleza mpango wake. Kwao, mahindi yakishavunwa huanikwa uani, na bibi yake akitoka shambani alikuwa akivua viatu na kutembea juu ya mahindi yale, kwenda na kurudi, mpaka miguu ikubali. Watoto walifukuzwa wakifanya hivyo. Bibi hakufukuzwa. Basi Wekesa angemtilia Mzee Hassani ua wa bibi yake ndani ya kiatu.

Alikiita kigodoro. Kilikuwa vipande viwili vya ngozi vilivyoshonwa pembeni kama mfuko mwembamba. Kipande cha juu alikitoboa matundu mengi kwa msumari uliochomwa motoni, ili hewa ipite. Ndani alitia punje za mahindi makavu. Kisiginoni aliacha mdomo mdogo unaofungwa kwa kamba, na hapo ndipo ulipokuwa ufundi wenyewe: ukitaka kukandwa zaidi unaongeza punje, ukichoka unapunguza, na ukitaka zikukande mbele unazisukuma mbele kwa kidole.

Alikijaribu mwenyewe kabla ya kukitoa. Alivaa viatu vya mteja mmoja, akatembea navyo Kawangware nzima, akarudi akasema dunia imekuwa laini.

Na kwa kweli kilifanya kazi. Niliona kwa macho yangu. Mzee Hassani alirudi jioni akasimama barazani kutusalimu, hakuketi. Alianza kubeba punje za akiba katika mfuko wa koti, na Bi Halima akazikuta alipokuwa akipiga pasi.

"Hassani, hoteli imekuwekea kuku?"

"Ni dawa."

"Dawa ya kuku."

Zile zilikuwa siku nzuri katika nyumba ile. Nazikumbuka kwa sauti: Mzee Hassani akicheka chumbani kwake, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu nihamie.

Halafu ikaja harufu.

Mwanzoni ilikuwa kidogo, nikadhani ni kwa jirani. Kibera ilikuwa na harufu zake na mtu hakuuliza kila moja imetoka wapi. Lakini msikitini viatu huachwa mlangoni, na katika safu ile jozi moja ilianza kunuka kama kilabu cha pombe. Busaa, wazi kabisa: ule uchachu wa mahindi unaoshika kooni. Watu waliinama kuchukua viatu vyao, wakanusa, wakatazama ni vya nani. Hakuna aliyesema kitu mbele yake. Waliacha tu kumketisha karibu nao.

Kati ya waliosali hapo alikuwako Idi, mpishi wa hoteli ile ile. Idi akamwambia msimamizi, msimamizi akamwambia meneja, meneja akashuka mlangoni akasimama karibu na Mzee Hassani, akanusa. Ilikuwa Jumatano. Alimwambia aende nyumbani, apumzike, na Jumatatu aje na koti lake limefuliwa.

Kila mtu alijua maana ya kuambiwa ulete koti limefuliwa. Litavaliwa na mwingine.

Mzee Hassani alitusimulia hayo usiku ule kwa sauti ya kawaida. Hakulalamikia kazi. Jambo alilorudia ni la msikiti. Hajawahi kuonja pombe, hata ujanani, hata katika harusi ambazo wenzake walijificha nyuma ya nyumba. Bi Halima akamsogelea, akamwambia afungue mdomo. Akanusa. Akainama, akanusa chini.

"Mdomo wako ni safi," akasema. "Anayelewa ni mguu."

Nikaomba viatu. Nilitoa kigodoro, nikafungua ile kamba ya kisiginoni, nikamimina juu ya sinia. Mahindi yalikuwa yamevimba, na mengi yalikuwa yameota, yametoa vimizizi vyeupe. Mtu yeyote aliyewahi kupita karibu na nyumba ya kupikia busaa angekijua kitu kile. Kilikuwa kimea.

Alhamisi niliaga kazini mapema nikaenda Kawangware, nimekifunga kile kimea katika gazeti letu la jana yake. Wekesa akafungua, akatazama, akacheka mpaka wauza sukumawiki wakaja kuona.

"Mzee amepika bila leseni," akasema.

Nikamwambia habari ya msikiti. Nikamwambia habari ya koti na Jumatatu. Akaacha kucheka.

"Lakini maji yametoka wapi? Huyu mtu anasimama chini ya paa."

"Anatawadha, Wekesa. Kabla ya kusali anaosha miguu."

"Kila siku?"

"Kila siku, zaidi ya mara moja. Huko hotelini pia."

"Na anakausha?"

"Anapangusa kidogo, anavaa, anarudi mlangoni."

Wekesa alitazama miguu yake mwenyewe kwa muda, yenye vumbi, ndani ya akala.

"Mimi nilipima na hii yangu," akasema polepole. "Hii huonana na maji nikienda kanisa."

 Alifunga benchi saa ile. Alikata mpira wa ndani wa gurudumu la lori kwa umbo la mguu, akautoboa matundu tena, makubwa kuliko ya kwanza. Mahali pa mahindi akatumia kamba ya nailoni, ile ya kushonea nyavu za samaki, akaipiga mafundo, akaipitisha ndani ya matundu yale. Fundo likikuchosha, unavuta kamba, unalihamishia tundu jingine. Kamba haioti. Mpira hauchachi.

Ijumaa alikuja Kibera kwa miguu, amevaa shati lake la Jumapili. Nilidhani atampa Mzee Hassani viatu nyumbani. Aliuliza msikiti uko wapi.

Mimi nilibaki ng'ambo ya njia, karibu na mama muuza makaa. Wekesa alisimama mlangoni kando ya viatu, kofia mkononi, akangoja swala iishe. Watu walipoanza kutoka walimkuta hapo, mtu wasiyemjua, na birika la maji miguuni pake.

"Wazee, salamu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya benchini. "Mimi ni Wekesa, fundi wa viatu wa Kawangware. Mimi ni Mkristo, na busaa nakunywa, sifichi. Ile harufu mmesikia kwa viatu vya Mzee Hassani ni ya mahindi yangu. Niliyaweka mimi nikimtafutia dawa ya miguu. Sikujua mnaosha. Yeye hata hajui ladha yake."

 Kisha mzee mmoja mwenye fimbo akamwuliza, "Na wewe utajuaje kama hajui ladha?"

"Kwa sababu angeijua, mzee, angekuja siku ya pili kuniambia imeiva."

Mtu mmoja akakohoa. Halafu kicheko kikatoka, kikaenda nyuma mpaka kwa waliokuwa bado ndani ya mlango na hawakusikia lolote. Mzee Hassani alikuwa kati ya waliosikia. Hakucheka. Alikuwa amesimama vile alivyosimama hotelini.

Wekesa akapiga goti, akatia vigodoro vipya ndani ya viatu vya Mzee Hassani. Kisha akakitoa kimoja tena, akakiinua juu, akamimina maji ya birika. Maji yakapita kwenye matundu yakaanguka mchangani. Akakikung'uta. Kikawa kikavu. Wale wazee wakakipokea, wakakipitisha mkono kwa mkono, wakivuta mafundo. Idi mpishi alikuwa pembeni akivaa viatu vyake polepole sana.

Jumatatu Mzee Hassani aliondoka na koti limefuliwa, limekunjwa mkononi.  Mimi na Bi Halima tulichambua mchele barazani, mchele ambao ulikuwa umekwisha chambuliwa.

Jioni alirudi amelivaa.

Idi ndiye aliyekwenda kwa meneja kabla yake, akamweleza ya mahindi. Ndivyo tulivyokuja kujua baadaye. Meneja aliomba kuona kile kigodoro, akavuta fundo moja, akalirudisha, akamwambia Mzee Hassani mlango unamngoja.

Sikuiandika gazetini. Mhariri wangu angeipenda kwa sababu isiyofaa, akaipa kichwa cha kuchekesha, na Mzee Hassani angesomwa na watu waliompita mlangoni kila siku. Wekesa alijaribu kuuza vigodoro vingine pale Kawangware lakini havikwenda. Wateja wake wengi walivaa akala, na akala ina hewa ya kutosha.

Mzee Hassani alisimama mlangoni mpaka akastaafu kwa hiari yake. Alifariki kabla ya miaka ya themanini kwisha. Bi Halima alimfuata. Wekesa alirudi kwao Bungoma, na mwaka jana katika harusi moja nilikutana na binti yake, akaniachia namba ya simu.

Sijaipiga.

Nimewaambia waandishi vijana mara nyingi kwamba ni aibu kutojua jambo ambalo simu moja ingelijibu. Na sababu ya kutopiga naijua: nisipouliza, Wekesa bado ameketi kwenye benchi akisema vibaya juu ya viatu vyangu. Nikiuliza, huenda nikajibiwa.

Lakini nataka kumwuliza Wekesa ilikuwaje kusimama pale mbele ya mlango wa watu wa dini nyingine, na kusema harufu hii ni yangu. Katika kazi yangu nimewahoji watu wengi wakubwa. Sikumbuki mmoja aliyesema hivyo kabla ya kulazimishwa.

Nitapiga kesho asubuhi, kabla ya chai.