Togwa ya Mama

Maposeni

Kaka Dastan,

Shikamoo. Mahindi yamestawi na mbuzi wako amezaa mapacha.

Kusahau kwa Mama kumezidi. Juzi majirani walimkuta barabara ya Peramiho, hajui njia ya nyumbani. Kwa hiyo nikienda shamba humkorogea kidonge cha usingizi kwenye kikombe cha togwa, kisha humfungia ndani. Usinilaumu, niko peke yangu.

Jana akili zilimtulia, akanishika mkono. "Fausta, huwa nakusikia ukifunga mlango. Nakuita, mdomo haufunguki. Unaolala ni mwili tu, mwanangu."

Niliapa kuacha. Leo nilipochukua jembe alinyoosha mkono mwenyewe kuomba kikombe chake. "Nenda," akasema, "magugu hayangoji."

Nimempa, kidonge kikiwa ndani. Nakuandikia nikiwa shambani, na kila nikiinama kulima nasikia ananiita.

Njoo,
mdogo wako Fausta