Alama ya Kisu kwenye Lango la Saba

Shepparton,
20 Julai

Mpendwa Kaka Agron,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Melbourne, na kwamba kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku miili ni mizima. Mama anakusalimu, na ameniagiza nikuambie kwamba bado anakukatia kipande chako cha pai ya lakror kila Ijumaa. Kinakaa mezani mpaka kinapoa.

Habari za Baba si nzuri. Mwezi uliopita alimkabidhi Mama funguo za gari, akasema mtu anayesahau hafai kuendesha. Haendi tena mferejini, yeye aliyefungua malango ya maji kwa mkono miaka ishirini na sita. Jirani yetu Mzee Rexhep akipita, Baba huingia ndani kwa sababu ya ile miti yake ya pichi mia na kumi na miwili iliyooza mizizi mfereji ulipofurika. Mzee mwenyewe hana kinyongo. Juzi alisimama mlangoni akapiga kelele: “Wee Baba Agron, toka nje! Iliyokufa ni miti, siyo wewe!” Baba hakutoka.

Nakumbuka siku uliyotuletea ile kompyuta ya malango. Ulitueleza kwamba hutazama muda wa saa nane mbele, hukisia maji yatakavyokwenda kwa wakulima walioyaagiza, hupanga jinsi ya kusogeza kila lango, kisha hutekeleza hatua ya kwanza tu. Baada ya robo saa hupima tena na kupanga upya. Baba akacheka, akasema hiyo ni ndoa yake kabisa: anapanga siku nzima, anafanya jambo moja, Mama anampangia upya. Ndiyo mara ya mwisho tulipocheka wote pamoja.

Kisha ukauliza kikomo cha juu cha maji kwenye lango la saba. Ulituonya kwamba mashine haijui kuogopa. Nafasi yote itakayopewa itaitumia, mpaka kwenye kikomo chenyewe. Baba akanituma nikapime.

Mwezi wa Februari upepo wa kaskazini ulipovuma, maji yakapanda juu ya tuta. Ulimwambia Baba kwenye simu kwamba alikupa namba mbovu. Naye akajibu kwamba mashine yako ni kipofu. Tangu hapo hamjazungumza.

Kaka, namba ile niliileta mimi. Baba aliniambia wazi nisisome mstari wa rangi nyeupe uliopakwa langoni na ofisi ya maji. Chini yake alikuwa amechonga alama kwa kisu, kwa ajili ya siku za upepo, maji yanapojirundika langoni. Nilikwenda. Matete yalikuwa yameifunika, na nikaona mkia wa nyoka ukipotelea humo. Sikuteremka. Nilisoma rangi nikiwa juu ya daraja: mita moja na sentimita arobaini na mbili.

Baada ya maji kumwagika, Baba aliniuliza: “Lirije, nilikwambia kisu au rangi?” Nikajibu rangi. Akasema, “Basi kichwa changu kimeanza kwisha.” Hakuniuliza tena. Nimemwona akizidi kujitilia shaka tangu siku hiyo, kwa sababu aliniamini mimi kuliko alivyojiamini mwenyewe.

Mashine yako haikukosea. Baba hakukosea.

Maji yatafunguliwa tarehe kumi na tano Agosti. Jana, baada ya shule, nilichukua fimbo ya Baba nikateremka, nikayafyeka matete. Alama ipo. Nimepima mara tatu: mita moja na sentimita thelathini na nne. Tafadhali iandike hiyo kwenye mashine.

Nikishaitia barua hii kwenye sanduku la posta, nitakwenda moja kwa moja kumwambia Baba. Nimetanguliza barua ili nisiweze kurudi nyuma. Sijui atasema nini. Lakini ukiweza, njoo Ijumaa, ufike kabla kipande chako hakijapoa.

Nisamehe, na upokee salamu za wote waliomo humu ndani, hata za yule asiyezituma.

Mdogo wako,
Lirije